Kipande cha Shavu la Fundi

Tarehe 4 Februari

Wifi yangu,

Nakusalimu kwa niaba ya nyumba nzima, kuanzia cherehani yangu inayokohoa mpaka binti yetu aliyeng'oka jino la mbele jana. Amelitia kwenye kiberiti, anasema ni la shangazi wa maabara. Sare za shule zimenijaa mpaka kitandani, nashona mguu mmoja ukifanya kazi na mwingine umekufa ganzi. Na wewe je? Ile homa imekwisha au unajikaza tu kama kawaida yenu ukoo mzima?

Kaka yako hatulii. Mtu aliyezoea kupiga plasta kuta mbili kwa siku, sasa mwezi wa nane yuko ndani na macho meupe kama yai. Asubuhi anahesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni, halafu anahesabu tena, eti ya kwanza alikosea. Juzi nilimkuta anapapasa ukuta wa chumbani kwa kiganja, anatafuta palipobonyea. "Nani alipiga plasta hii?" Nikamwambia ni wewe mwenyewe. Akapapasa tena, akasema, "Basi siku hiyo nilikuwa naumwa."

Mrefu, yule fundi mwenzake wa jukwaa la ujenzi wa miaka kumi na nne, alikuja Jumapili kumsalimia. Kaka yako aliposikia sauti yake uani alifunga mlango kwa ndani. Bado anasema Mrefu ndiye aliyemchelewesha siku ile chokaa ilipomrukia. Mrefu akaacha machungwa yake kizingitini, akaenda zake.

Barua yako ilifika ndani ya boksi la dawa. Nilimsomea kwa sauti. Endelea kuandika, maana simu siitaki kwa mambo haya. Nyumba ni vyumba viwili, na masikio yake yamekuwa makali, anasikia hata nikimeza mate. Nilipofika pale unaposema hospitali yenu inatengeneza ngozi ya jicho kutokana na nyama ya ndani ya shavu la mgonjwa mwenyewe, akanizuia. "Rudia." Nikarudia. Akacheka mpaka akakohoa. "Huu mdomo umeniponza maisha yangu yote. Leo ndio uniponye?"

Lakini baada ya kucheka hakula. Sahani ilipoa mbele yake. Wifi, ni kweli? Mbona huku walituambia hata kioo cha jicho cha kupandikizwa hakitashika? Nieleze kama unavyomweleza mtu mzima, usinirembeshee maneno.

Wifi yako,
Fundi cherehani

Tarehe 15 Februari

Wifi yangu mpenzi, na kaka yangu unayesikiliza hapo pembeni,

Salamu zenu zimenipata nikiwa kwenye foleni ya maji, lifti ya jengo letu ikiwa imekufa tena. Ghorofa ya nne na ndoo mbili, homa gani itakaa kwenye mwili kama huo? Mwambieni binti jino lake nalitaka kwelikweli. Hata ndani ya jino la utotoni zimo zile seli ninazozishughulikia kila siku.

Haya, kaka, sikiliza. Jicho lina kioo mbele, na juu ya kioo kuna ngozi nyembamba inayojibadilisha kila baada ya siku chache. Mbegu za ngozi hiyo ziko ukingoni, pale weusi unapokutana na weupe. Tunaziita seli shina, kwa sababu kazi yao ni kuzaa seli nyingine maisha yako yote. Chokaa iliunguza ukingo wote, macho yote mawili. Mbegu zikafa, ndipo ngozi ya ule weupe ikatambaa na mishipa yake ya damu ikafunika kioo. Ndiyo maana walikataa kukupandikizia kioo cha mtu mwingine. Ungekuwa unapaka rangi kwenye ukuta unaovuja.

Lingekuwa limepona hata jicho moja, tungeazima mbegu huko. Halikupona. Lakini mdomoni nako zimo. Umewahi kujing'ata shavu wakati wa kula ukaona damu? Siku tatu baadaye hata alama huipati kwa ulimi. Ndizo hizo. Si seli za jicho, ila zikiwekwa juu ya jicho zinakubali kazi.

Daktari atakata vipande viwili ndani ya shavu, kila kimoja hakizidi punje ya mchele. Sisi maabara tutazitenganisha seli na kuzilaza juu ya utando laini unaotolewa na akina mama waliojifungua kwa upasuaji, ule mfuko aliokuwamo mtoto. Zinakaa kwenye kabati la joto la mwili wiki mbili hadi tatu, zinazaana mpaka zinakuwa shuka. Kisha daktari anasafisha jicho na kulitandika shuka hiyo.

Siahidi. Kati ya waliofanyiwa hapa, wapo wanaosoma herufi kubwa, wapo wanaoona mkono tu ukipita, na wapo ambao haikushika kabisa.

Sigara basi, kaka. Kuanzia leo, si kesho. Na meno yasafishwe kabla hamjaja.

Jambo moja la faili. Daktari anauliza: siku ya ajali, macho yalioshwa kwa maji baada ya muda gani, na kwa dakika ngapi? Nijibuni hilo.

Wenu,
Wifi wa maabara

Tarehe 26 Februari

Wifi,

Sisi tunapumua. Binti anazungumza kwa mluzi kwa sababu ya pengo. Sigara zimekwisha siku ya tisa leo, na mimi ndiye ninayevuta moshi wake: ananiuliza saa mara kumi, anataka redio, hataki redio, anataka mlango wazi, anasema upepo unampiga. Meno yamesafishwa. Aliyemsafisha alisema hajapata kuona mgonjwa anayetoa maagizo huku mdomo uko wazi.

Amekubali. Tutakuja tarehe 9 Machi kwa basi la asubuhi. Binti atabaki kwa mama yangu.

Ameniagiza nikuulize kama nyama ya shavu ikikaa jichoni, jicho litatoa mate. Mimi nimecheka, yeye hakucheka. Mjibu.

Na ombi langu mimi. Ukiwa na neno la kwangu peke yangu, liandike kwenye karatasi tofauti, ulikunje mara nne. Barua namsomea yeye, na anajua nikiruka mstari, sauti yangu inajikwaa.

Wako,
Fundi cherehani

Tarehe 24 Machi

Wapendwa wa nyumbani,

Nyumba yangu imekuwa kubwa ghafla tangu mlipoondoka. Nimekuta kitana cha wifi nyuma ya kiti na nimekifanya changu.

Kaka, shavu limepona? Najua limepona, nakuuliza nikusikie ukijisifu. Na hapana, jicho halitatoa mate. Mate yana matezi yake, hatukuyagusa.

Seli zako zimeamka. Siku ya pili zilikuwa vijikundi vimejikunyata, kama watu wasiojuana kwenye chumba cha kusubiria. Siku ya tano zilianza kushikana. Leo, siku ya saba, zimejipanga kama vigae, pembe kwa pembe, na wewe mwenyewe usingepata pa kupitisha kisu. Mkuu wa maabara ameagiza nisiguse sahani ya ndugu yangu, akamkabidhi mwenzangu wa meza ya pili, mtu mtulivu, mikono yake haitetemeki hata akipigiwa kelele. Mimi nasikia habari kwake tu.

Tukienda hivi, mtaitwa wiki ya kwanza ya Aprili. Pangeni nguo.

Wenu,
Wifi wa maabara

(Karatasi iliyokunjwa mara nne)

Wifi, ile nafasi kwenye faili bado iko tupu. Nilikuuliza kwa barua ukaruka. Nilikuuliza kwenye ngazi za hospitali ukaniambia kamba ya kiatu imefunguka, nawe ulikuwa umevaa ndala. Kuna nini?

Tarehe 12 Aprili

Wifi,

Hatujambo, ila hatujitambui. Begi lake liko mlangoni tangu tarehe mosi. Kila asubuhi analifungua, anapapasa mashati yote manne, anayakunja upya, analifunga. Akisikia basi barabarani anasimama. Nimemwambia atatoboa sakafu. Sigara ameota tu, hajavuta. Aliamka kutoka usingizi wa mchana akaniomba msamaha kwa sigara ya ndotoni.

Boksi la dawa limefika jana bila barua. Nimelitikisa, nimelipasua hata kwenye gundi. Hakuna hata mstari. Kaka yako akasema, "Yuko na kazi." Kisha akasema, "Au hataki."

Wewe hukuwahi kutuma boksi kavu. Kimya chako kinaniwasha mwilini. Andika.

Fundi cherehani

Tarehe 20 Aprili

Kaka na wifi,

Natumaini mu wazima. Mimi mzima.

Nasikitika kuwaarifu kwamba sahani ya seli imeharibika. Ukungu uliingia siku ya kumi na nne. Kitu kama hicho kikiingia hakitoki, na hatuwezi kuweka ukungu kwenye jicho la mtu, kwa hiyo imebidi imwagwe. Hospitali inaomba radhi. Daktari yuko tayari kuchukua kipande kingine upande wa pili wa shavu mwezi Mei, kaka akikubali.

Dawa za matone ziendelee kama kawaida.

Wenu.

Tarehe 2 Mei

Wifi,

Salamu nitazituma siku nyingine.

Nilimsomea. Nilisoma kama ulivyoandika, kama tangazo la kukatika kwa umeme. Aliniambia niisome mara ya pili, akasikiliza akiwa amesimama. Kisha akalichukua lile begi, akalifungua, akatoa mashati yote manne na kuyarudisha kabatini moja moja kwa kupapasa. Hakuomba msaada. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikishona kitu ambacho baadaye nilikifumua chote.

Siku ya tatu alisema, "Shavu lina pande mbili. Mwambie nakuja." Kwa hiyo tutakuja. Tuandikie tarehe.

Hii karatasi ya pili hajaisikia. Wifi, nimekujua tangu ulipokuja kunikagua kama nafaa kuolewa na kaka yako, ukaninusa mpaka sufuria. Najua unavyoandika. Umeandika "ukungu uliingia", kana kwamba ukungu una miguu, ukapanda ngazi ukabisha hodi. Hukuweka jina lako chini. Nani alifungua mlango?

Tarehe 11 Mei

Wifi (wewe tu),

Ni mimi.

Mkuu alinikataza nisiguse, nami nikawaandikia kwamba nasikia kwa wenzangu. Nilidanganya. Wenzangu wakienda kula, mimi nilifungua kabati nikaangalia. Nilinawa, nilivaa glavu na barakoa, nilijiona nafuata kila sharti. Niliangalia nikatulia, nikafika kwenye meza yangu nikaanza kuwaza: je, zile za pembeni zimeshikana kweli? Nikarudi. Mara kumi na tisa, wifi, kwa siku kumi. Siibuni hesabu hiyo. Kabati lile huandika lenyewe kila mlango unapofunguliwa, na mimi mwenye miaka saba humu ndani nililisahau hilo.

Mara ya mwisho nilitoa sahani nikaiweka chini ya darubini. Nilitaka kuziona vizuri, basi. Kifuniko kikateleza, mwanya wa upana wa ukucha. Nikakirudisha haraka nikajiambia hakuna kilichotokea. Siku tatu baadaye mwenzangu akaona nyuzi nyeupe zimetambaa juu ya vigae vile nilivyowasimulia.

Na si hilo linaloniamsha. Mwenzangu aliitwa ofisini kwanza. Nilimwona akiingia, na nikakaa kimya. Wiki nzima watu walimtazama mikono. Siku ile nilipowatumia boksi kavu ndiyo siku walipochapisha kumbukumbu za mlango, na saa zote zilizoonekana ni zile nilizobaki mimi peke yangu, wenzangu wakiwa wanakula.

Sasa naosha vyombo vya maabara chini, kwa miezi sita. Sahani ya pili sitaisogelea, wamenibadilishia hata ufunguo. Mwenzangu alinisamehe kwa mdomo, lakini chai hanywi tena mezani kwangu.

Kaka sijui nimwambieje. Njooni tarehe 24.

Mimi

Tarehe 18 Mei

Wifi,

Hii nayo ni yako peke yako, na nakuomba uichome.

Nimesoma yako mara nyingi. Nilitaka kukukasirikia, nikashindwa, na sababu ya kushindwa ndiyo jibu la swali lako la faili.

Siku ile nilimpelekea chakula kazini. Walikuwa wanazima chokaa kwenye pipa. Mimi nimesimama pale pale naona kwa macho yangu: mawe meupe yametulia, maji yanamwagwa, pipa zima linachemka na kufoka kama sufuria iliyofunikwa. Akainama kuchungulia, ikamrukia usoni. Mrefu alikuja mbio na ndoo. Nikaisukuma ndoo. Nikapiga kelele, "Msimwagie maji! Maji ndiyo yanayoichemsha!" Niliwafukuza watu wazima wanaume, wakarudi nyuma. Nikamlaza mapajani nikamfuta kwa upindo wa gauni. Nilikuwa namfuta, wifi, nasugua chokaa ndani.

Zahanati walipomwosha ilikuwa imepita karibu saa nzima. Yule muuguzi aliuliza, "Hamkuwa na maji huko?" Nikasema hatukuwa nayo.

Yeye alisikia kelele tu za kuzuia maji, na kwa maumivu yale, katikati ya yowe za watu wote, alidhani anayezuia ni Mrefu mwenye ndoo. Mrefu anajua ni mimi. Amefungiwa mlango karibu mwaka, machungwa yake yanaozea kizingitini, na hajafungua mdomo. Kila akija ananitazama mimi, kisha anatazama chini.

Niambie ukweli wa kitaalamu. Maji yangemwokoa?

Jaza ile nafasi ya faili. Usiniulize tena usoni.

Mimi

Tarehe 30 Julai

Wifi yangu,

Nianze na salamu kwa sababu leo zina uzito: binti ameota jino jipya, limekaa upande kidogo kama la baba yake. Mama yangu mguu umepungua kuvimba. Cherehani imepata mkanda mpya.

Nilipokuwa nikimuuguza wodini mwezi wa sita, ulikuja kila jioni na sare yako yenye madoa ya sabuni. Hukusema neno juu ya karatasi yangu. Ulinishika kiwiko ukaniuliza kama nimekula. Kwa swali lile la maji hukunijibu, nami nikaelewa kwamba huko ndiko kujibu kwako.

Sasa habari unayoisubiri. Shuka ya pili imeshika. Wiki ya kwanza jicho la kulia liliona mwanga tu, akawa anajua dirisha liko wapi. Wiki ya nne akaona kitu kinasogea, akanyoosha mkono akashika bega langu kwa mara ya kwanza bila kulitafuta. Juzi alihesabu vidole vyangu kwa hatua tatu, vyote sawa. Bado haoni wazi, anasema ni kama kuangalia kupitia nailoni. Lakini alinitazama akasema, "Gauni hilo ni jekundu." Nikasema ndiyo. "Na umekonda." Nikasema ndiyo.

Siku hiyo hiyo nikamwambia.

Utasema ningengoja. Wifi, nilikuwa nimengoja zaidi ya mwaka. Sikutaka kumwambia mtu asiyeweza kuinuka na kuniacha. Mtu unayemshika mkono kwenda chooni atakusamehe kwa sababu hana njia, na msamaha wa namna hiyo ningeuvaaje? Alipoweza kuuona mlango, nikasema yote. Ndoo, kelele, gauni, uongo wa zahanati, Mrefu.

Aliinuka, akavaa viatu, akakosea cha kulia na cha kushoto, akavua akavaa upya. Sikumsaidia. Akatoka. Nilisimama dirishani nikamwona anagusa nguzo ya lango, anangoja gari lipite, anavuka. Peke yake, wifi. Nilifurahi na kufa kwa wakati mmoja.

Alirudi jioni, akalala chumba cha binti. Jana asubuhi begi halikuwepo, wala yeye. Jirani anasema alimwona kituo cha mabasi. Simu yake imezimwa, na yako haiiti. Ana jicho moja la wiki saba, matone yake ameyaacha juu ya meza. Nashona, nafumua. Nimefika kituoni mara tatu. Kama unajua lolote, usiniandikie kama tangazo la umeme.

Wifi yako

Tarehe 5 Agosti

Wifi yangu,

Kabla sijakusalimu, pumua. Mumeo yuko kwangu. Simu yangu imekufa tangu mwezi uliopita, ndiyo maana nilikutumia neno kwa dereva wa basi siku ile ile, natumaini alilifikisha. Kama hakulifikisha nitamshughulikia.

Alikuja peke yake, saa tisa nzima kwenye basi, na amejisifu kwamba alisoma herufi za mabango makubwa njiani, ingawa aliyoyasoma hayafanani na mabango ninayoyajua mimi. Matone nilimpatia mapya usiku uo huo. Daktari amemwangalia: jicho liko salama.

Siku mbili za kwanza hakutulia. Alitembea sebuleni huku na huku mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Siku ya tatu nilikuwa nafua, akaja akasimama mlangoni akasema, "Nilikwenda kwa Mrefu." Nikaendelea kufua. "Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, 'Ningesema, ungemfukuza mkeo. Nani angekuongoza chooni, mimi?'" Akaegemea fremu ya mlango. "Nimemfungia mlango mwaka mzima, wewe. Mwaka mzima, na yeye analeta machungwa."

Nikaona nisipofungua mdomo wakati ule sitaufungua tena. Nikakausha mikono nikamwambia yangu, mlango wa kabati na mwenzangu niliyemwacha aingie ofisini. Akanigeukia. Wifi, ngozi ya lile jicho ilitoka shavuni kwake, ilikuzwa jengo lile ninamooshea vyombo, na ilinitazama mpaka sikujua nishike nini. Akasema, "Kwa hiyo yule alizuia ndoo moja, na wewe ulifungua mlango mara kumi na tisa. Na wote mlikuwa mnanipenda. Mngenichukia sijui mngefanya nini."

Sikujua kama nicheke. Yeye alicheka kidogo, kisha akaketi kwenye beseni lililogeuzwa akalia. Ni mara yangu ya kwanza kumwona akilia, na daktari anasema machozi hayadhuru.

Uliniuliza maji yangemwokoa. Nilinyamaza kwa woga. Nimemuuliza daktari, mbele ya kaka mwenyewe. Amesema maji ya papo hapo yangesaidia, kwa kiasi gani hakuna anayejua, maana chokaa huunguza ndani ya sekunde. Sitakuongezea wala kukupunguzia hapo. Kwenye faili nilijaza mwezi wa tano: "Karibu saa moja." Sikuandika jina la mtu, hakuna nafasi ya jina.

Bado ana hasira, nisikudanganye. Nilimuuliza wazi, akasema zinapungua akitembea na zinarudi akikaa. Anatembea sana.

Daktari anataka kujaribu jicho la kushoto. Watachukua kipande tarehe 20, na safari hii mgonjwa akae karibu na hospitali mpaka mwisho, na mtu wa kumtunza. Nikasema nitaomba likizo. Akasema, "Usiombe." Nikamuuliza sasa nani atakaa nawe? Akaanza kutembea tena, mara mbili mpaka dirishani na kurudi. "Mwandikie," akasema. "Aje na binti. Mwambie sijamaliza kugombana naye, na ugomvi wa barua siuwezi, siwezi kuusoma."

Kwa hiyo njoo. Panda basi la asubuhi tarehe 17. Mimi nitakuwa kazini mpaka saa kumi na moja, lakini yeye anasema atakuja kituoni kuwapokea mwenyewe. Nikamwambia, kaka, kituo kile kina watu kama mchanga, wewe na hicho kijicho chako cha nailoni utamtambuaje?

Akasema hatakutafuta. Atasimama mahali pa wazi, na wewe ndiye utakayemwona.

Wifi yako